Jogoo wa Kumtoa Mtani Kaburini

Kwa mujibu wa watu tulioshtakiana nao, baba yangu aliuza shamba la ekari nne akiwa amelala chali ndani ya kaburi la mtu mwingine, na bei yake ilikuwa jogoo mmoja. Hayo yameandikwa. Nimeyasoma kwenye karatasi yenye muhuri, na mimi ni mtu wa masjala; kazi yangu miaka yote ni kufungua majalada, kuyapa namba na kuyatafuta yakipotea. Nimesoma barua za kila aina ya wendawazimu wa kiofisi. Hii ndiyo iliyonifanya nivue miwani.

Inabidi nianze na baba mwenyewe. Alitoka Tabora akiwa kijana, bwana shamba mpya, akapangiwa Kisarawe, vijiji vya njia ya kwenda Chole, awafundishe watu kupogoa mikorosho na kupuliza dawa ya salfa. Watu waliozaliwa wakaikuta mikorosho hiyo walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea na mambo yao. Mmoja hakumsikiliza hata kwa adabu. Alikuwa Mzaramo mwenye shamba lililopakana na nyumba ya serikali aliyopewa baba. Siku ya kwanza alipomwona anakuja na begi kichwani, alimwambia, "Mnyamwezi, bado tu hujautua huo mzigo? Msafara si uliisha zamani?"

"Nitautua wapi," baba akamjibu, "na nyie mmejaa uwanjani mnacheza ngoma?"

Hapo hapo wakawa wameshapatana. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani ana ruhusa ambazo ndugu wa damu hana. Anakutukana mbele ya wakwe zako, anabeba kuku wako mchana kweupe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Mama yangu alipofariki, mtu huyo alivaa kanga za mama, akashika mwiko, akasimama katikati ya msiba na kumkaripia baba kwa sauti ile ile ya mama kwamba ameingia ndani na viatu vyenye matope. Watu waliokuwa wanalia walicheka. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba siku ile alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya vizuri.

Ahadi yenyewe ilikuja miaka mingi baadaye, sukari ilipomsumbua mtani na mguu ukawa haumfikishi tena shambani. Watoto wake watatu walikuwa Dar es Salaam na shughuli zao. Baba akalichukua shamba lile kama lake. Akapalilia, akapogoa, akapuliza salfa, akaokota korosho na kumpelekea mwenyewe mpaka kibarazani. Kliniki alimpeleka kwa baiskeli, mmoja mbele anakanyaga, mwingine nyuma ameshika fimbo, wanatukanana njia nzima. Basi siku moja, mbele ya kijiwe kizima cha kahawa, mtani akasema, "Mnyamwezi weye, miye nikifa shamba hili lako. Wanangu hawaujui mkorosho, wanazijua korosho tu."

"Kufa basi," baba akamjibu. "Nimechoka kusubiri."

Kijiwe kikaangua kicheko. Balaa lote la baadaye lilitoka kwenye kicheko hicho.

Aliirudia ahadi ile kila msimu, na kila msimu watu walicheka. Baba alipostaafu na kutakiwa kuiacha nyumba ya serikali, mtani alimwonyesha pembe moja ya shamba karibu na kisima, akamwambia ajenge, kwani si pake? Baba akajenga vyumba vitatu na choo. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa na tumehamia Mbwawa, Kibaha, na niliposikia baba kajenga kwenye shamba la mtu kwa maneno ya kijiweni, presha ilinipanda. Niliandika wosia. Ulikuwa wosia mzuri, na sioni haya kusema hivyo: una aya, una mipaka ya pande zote nne, una nafasi za mashahidi. Nikabeba na kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba, nikabadilisha magari mara tatu mpaka nikafika.

Mtani alinivumilia nikausoma wote. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii karatasi ikishamalizika inakaa wapi?"

"Kwenye faili, mzee wangu."

"Na faili?"

"Kabatini."

"Na mchwa wa huku unawajua?"

Kabla sijajibu alichovya dole gumba kwenye wino, akamwita baba asogee, akamgandamizia dole katikati ya paji la uso. "Haya," akasema. "Nimekuandikisha. Weye mchwa hawakuli, umekauka mno." Baba alitembea na alama ile kijiji kizima, anaringa nayo, mpaka jioni alipokwenda kuoga. Mimi nilirudi Mbwawa na wosia wangu mweupe, nimenuna, sikuongea na mtu ndani ya gari.

Mtani alifariki palizi ikiwa haijaisha. Watoto wake walikuja, majirani walikuja, na baba, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemeza kitu, akaanza kazi ya mtani. Aliichukua fimbo ya marehemu, akachechemea uwanja mzima, akawaamkia waombolezaji kwa sauti ya marehemu. Watu walicheka. Sisi wanawake hatukwenda makaburini, tulibaki nyumbani na masufuria, lakini baada ya muda tulisikia kutoka huko kicheko cha wanaume kikubwa kuliko vyote. Baadaye nikaambiwa kilichotokea. Baba, mtu wa miaka sabini, alikuwa amekunja suruali, akashuka kaburini kabla mwenyewe hajaingizwa, na kulala chali.

"Hapa pangu!" alisema kutoka chini. "Huyo mpelekeni kwingine. Sitoki mpaka nipewe shamba langu alilonipa!"

Mtani akiingia kaburini anakombolewa, ndiyo desturi. Wakamnyooshea noti, akazikataa, akasema Mnyamwezi hadanganywi kwa karatasi. Ikabidi mtu akimbie nyumbani akamlete jogoo wa marehemu mwenyewe, mwekundu, mkia umenyonyoka upande mmoja. Baba akampokea, wakamvuta mikono, akatoka, mazishi yakaendelea.

Baada ya arobaini, mtoto wa kwanza wa marehemu alikuja na mtu wa kupima viwanja. Alikuwa ndiye msimamizi wa mirathi. Akamwambia baba kwamba shamba linakatwa viwanja na kuuzwa, kwa hiyo ahame kabla ya mwisho wa mwezi. Baba akamkumbusha ahadi ya baba yake.

"Mzee," yule akamwambia, "si ulishalipwa? Ulidai shamba, ukapewa jogoo, ukatoka."

Baba alicheka sana. Alidhani mtoto amerithi utani wa baba yake. Akaendelea kucheka mpaka akagundua anacheka peke yake.

Akaja kwangu Mbwawa. Nilimwandalia chumba, nikamwambia akae, hii ndiyo nyumba yake sasa. Kwa wiki nzima hakufungua begi. Alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na geti, anatazama nyumba mpya za majirani na matofali yao, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitali. Siku ya saba aliniuliza, "Hivi, mwanangu, alikuwa ananitania?"

Nilikuwa nimechoka, nimetoka kazini, miguu imevimba. Nilimjibu, "Nitajuaje mimi, na karatasi mliikataa?" Nilimjibu vibaya. Najuta mpaka leo.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaandika malalamiko, tukaenda baraza la kata kule Kisarawe. Mabaraza haya siku hizi hayahukumu, yanasuluhisha tu, na yakishindwa yanawaandikia mwende ngazi ya wilaya. Mimi nilitaka ekari zote nne. Baba alitaka kurudi kwenye vyumba vyake vitatu, na alitaka jibu la swali lile. Sikujua bado kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kizaramo mwenye kofia ya kufuma. Wajumbe karibu wote Wazaramo pia. Katibu alikuwa binti wa Kichaga, ndiyo kwanza amehamishiwa huko, mwandiko wake safi kabisa, na hakuwa na utani na mtu yeyote katika chumba kile. Baba aliingia na tenga lililofunikwa kanga. Alipoitwa kusimama, mjumbe mmoja akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, atue mzigo kwanza. Hawa wakiwa na mzigo hawasemi kweli."

"Na nyie bila ngoma hamsikii," baba akajibu, kabla hata hajafikiri.

Wakacheka wote. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Katibu alishika kalamu juu juu akauliza, "Mwenyekiti, hiyo niandike?"

"Hapana, binti yangu. Huo ni utani."

"Haya." Akasubiri. Baba akakohoa, akasema, "Marehemu aliniambia mbele ya watu, miye nikifa shamba hili lako."

"Hiyo niandike?"

Mwenyekiti akawatazama wajumbe. "Hiyo," akasema, "subiri kwanza."

Hapo ndipo tulipokwama, na kusema kweli hatukutoka hapo asubuhi nzima. Muuza kahawa wa kijiwe kile aliitwa kutoa ushahidi. Akasema ahadi aliisikia kwa masikio yake, tena si mara moja. Akaulizwa alifanya nini aliposikia. Akasema alicheka. Akaulizwa kama alicheka kwa sababu aliona ni uongo. Hapana, akasema, alicheka kwa sababu ni kweli na Mnyamwezi alijibu vizuri. "Kwa hiyo wewe unachekea mambo ya kweli?" mjumbe akamuuliza. "Mimi nauza kahawa, mheshimiwa," akasema. "Nacheka na kila mtu."

Kisha nikaitwa mimi. Nilisimama na jalada langu, lebo imebandikwa, kurasa zimepewa namba. Nikaeleza habari ya wosia na dole gumba.

"Sahihi hiyo iko wapi?" katibu akauliza.

Nikafunga jalada. "Iko kwenye paji la uso la mlalamikaji."

Katibu akainuka, akazunguka meza, akamwinamia baba na kumtazama usoni kwa makini. Baba akatulia kama mtu anayepimwa macho. "Mbona haionekani?"

"Alioga," nikasema.

Nakala ninayo. Imeandikwa: *Kielelezo A, kilioshwa.*

Mtoto wa marehemu alipopewa nafasi hakupayuka. Alikuwa na shati lililopigwa pasi na barua yake ya usimamizi, na alisema taratibu. Mzee alidai shamba mbele ya umati. Akapewa jogoo. Akapokea, akatoka, akaondoka naye. "Kama yule jogoo hakuwa wa shamba," akamuuliza baba, "alikuwa wa nini?"

"Wa kunitoa."

"Kukutoa wapi?"

"Kaburini."

"Ukiwa unadai nini?"

Baba akanitazama. Mimi nikatazama jalada. "Shamba," baba akasema.

Ningekuwa mjumbe, ningefunga shauri pale pale, na si upande wetu. Lakini mjumbe mmoja, ambaye nadhani njaa ilishamshika, akauliza kama jogoo huyo baba alimla. Baba akaifunua kanga. Jogoo akatoa kichwa kwenye tenga, akaangaza chumba kizima na kuwika. "Hiyo niandike?" katibu akauliza, na safari hii nilimwona anauma mdomo asicheke.

"Sijamla," baba akasema. "Ningemlaje jogoo wa mtani wangu? Namrudisha."

Mwenyekiti akaivua kofia yake, akaivaa tena. Akasema, kwa uzito wote wa baraza, kwamba mali ikirudishwa kila mtu anarudi alipokuwa mwanzo. "Mlalamikiwa anarudi na jogoo wake. Sasa wewe, Mnyamwezi, kabla ya jogoo ulikuwa wapi?"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Hata mtoto wa marehemu alitabasamu. Baba peke yake hakucheka.

"Nilikuwa kaburini," akasema. "Twendeni."

Baraza lina ruhusa ya kutembelea eneo la mgogoro, na ndivyo ilivyoandikwa, ingawa eneo la mgogoro lilikuwa shamba na sisi tukaishia makaburini. Wanaume waliingia. Mimi na katibu tulibaki nje ya ua wa minyaa, yeye na daftari lake, mimi na tenga. Kaburi lilikuwa limeshaota majani. Baba akavua viatu, akalala chini kando yake, chali, kama alivyolala siku ile, isipokuwa safari hii juu ya ardhi.

"Mtani," akasema. "Wanao wanasema ulikuwa unanitania. Hebu wajibu, Mzaramo weye."

Tukasubiri. Najua ni upuuzi, lakini baraza zima la kata, msimamizi wa mirathi, karani wa masjala na jogoo tulikaa kimya tukimsubiri marehemu ajibu.

"Hajibu," baba akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Miaka yote hii hajawahi kukosa la kunijibu."

Ndipo akalia. Sikuwa nimemwona akilia msiba ule. Mtani halii msibani, ana kazi ya kuwachekesha wenye kulia, na baba aliifanya kazi ile mpaka ndani ya kaburi, watu wakarudi makwao, na hakuna aliyekumbuka kwamba yeye naye alikuwa amefiwa. Hata mimi sikukumbuka. Nilikuwa natafuta karatasi.

Mtoto wa marehemu akachuchumaa. "Mzee, inuka."

"Sitoki."

"Nikupe nini utoke?"

Aliuliza kweli, hakuwa anadhihaki. Baba akajifuta uso kwa kiganja. "Niambie tu. Wewe mwanawe utakuwa unajua. Alikuwa anatania?"

Yule mtu alichuma majani kwenye kaburi la baba yake, moja moja, na alipoanza kusema ilibidi mimi na katibu tuingize vichwa kwenye minyaa ili tusikie. "Alikuwa anapiga simu kila Ijumaa," akasema. "Habari zote zilikuwa zako. Mnyamwezi kasema hivi, Mnyamwezi kanipakia baiskeli, Mnyamwezi kaniibia ndizi. Sisi tulikuwa tunaulizwa kama tumekula, basi." Akang'oa jani jingine. "Shamba alituambia wote watatu kwamba ni lako. Hakuwa anatania. Na mimi iliniuma sana, mzee."

Nje ya ua, katibu akafungua daftari. Akapaza sauti juu ya minyaa na juu ya makaburi yote. "Mwenyekiti! Hiyo niandike?"

Mwenyekiti alikuwa ameshika kofia yake machoni. Hakuiondoa.

"Andika," akasema.

Walisuluhishana pale pale, wamesimama. Baba akabaki na nyumba, kisima na mikorosho kumi na mmoja inayoizunguka. Ardhi nyingine yote ikaenda kwa watoto wa marehemu. Nilimvuta baba pembeni nikamnong'oneza kwamba mtu amekiri mbele ya baraza zima, yameandikwa, tukienda nayo wilayani tunachukua ekari zote nne. Akaniambia, "Mimi nimeshatoka kaburini, mwanangu. Wewe kama unataka kuingia, ingia." Nilikasirika kwa wiki mbili. Viwanja vimeshauzwa, bikoni za mipaka zimesimama mpaka karibu na choo cha baba, na mtu mmoja ameanza msingi.

Jogoo naye alikataliwa na pande zote mbili. Mtoto wa marehemu alisema yeye anaishi nyumba ya kupanga, baba alisema ameshamrudisha kihalali. Katibu akaandika kwamba atakaa kwa mlalamikaji kwa uangalizi, na siku ya kumrudisha haikutajwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona baba. Nilimkuta mlangoni na kikombe cha kahawa, jogoo anaparua chini ya mikorosho.

"Mzaramo!" baba akamwita. "Kutwa kuimba tu, kulima utalima lini?"

Jogoo akanyoosha shingo, akawika. Baba akanigeukia.

"Umesikia?" akasema. "Ananijibu."